Namba 2,147,483,647: haigawanyiki, na mashine nyingi haziwezi kuivuka

Kuna namba ambayo pengine hujawahi kuiandika hata siku moja, lakini imo kwenye simu za watu, kwenye mashine za ofisini, kwenye kamera za ulinzi na hata kwenye ndege. Namba hiyo ni 2,147,483,647. Tukiisoma kwa maneno ni bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba.

Wanahisabati wanaifahamu kwa sababu ni namba tasa, yaani haigawanyiki kwa namba nyingine yoyote isipokuwa 1 na yenyewe. Mafundi wa kompyuta wanaifahamu kwa sababu nyingine kabisa: ni ukomo. Mashine nyingi zikishahesabu hadi hapo haziwezi kuongeza hata moja. Na kwa mashine zinazohesabu muda, ukomo huo una tarehe inayojulikana: Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki.

Makala hii inaeleza namba hii imejengwaje, nani alithibitisha kwamba ni tasa, kwa nini mashine zinakwama hapo, na jambo hilo linamhusu vipi mtu mwenye simu kijijini.

Ni kubwa kiasi gani?

Ina tarakimu kumi. Ukianza kuhesabu moja, mbili, tatu, kila sekunde namba moja, usiku na mchana bila kula wala kulala, utaifikia baada ya miaka 68 na siku 18. Hayo ni maisha ya mtu mzima mpaka uzee.

Tuitazame kwa mahindi. Tukikadiria kwamba kilo moja ya mahindi makavu ina punje 3,000 hivi, punje 2,147,483,647 zitajaza zaidi ya magunia 7,000 ya kilo mia. Shehena hiyo haiingii kwenye ghala la kijiji kimoja.

Inavyojengwa: tumia bao

Njia rahisi ya kuielewa namba hii ni kuchukua bao letu la kawaida, lile la safu nne zenye mashimo manane kila moja. Jumla ni mashimo 32. Sasa weka kando kanuni za mchezo, tutumie kanuni nyingine mbili tu.

Ya kwanza: kila shimo liwe tupu, au liwe na kete moja. Haturuhusu kete mbili. Ya pili: kila shimo lina thamani yake. Shimo la kwanza lina thamani ya 1, la pili 2, la tatu 4, la nne 8, la tano 16. Kila shimo ni mara mbili ya lililotangulia.

Ukitaka kuandika 13, weka kete kwenye shimo la 1, la 4 na la 8, kwa maana 1 + 4 + 8 ni 13. Ukitaka 20, weka kwenye la 16 na la 4. Namba yoyote unayoweza kuifikiria ina mpangilio wake mmoja tu wa kete. Simu na kompyuta zinaandika namba kwa njia hiyo hiyo. Badala ya mashimo zina vijisehemu vidogo mno vya umeme, na kila kimoja ama kimewashwa ama kimezimwa. Kila kijisehemu kinaitwa biti.

Tuendelee kujaza bao. Ukijaza shimo la kwanza peke yake unapata 1. Ukijaza mawili unapata 3. Matatu, 7. Manne, 15. Matano, 31. Umeona mtindo? Kila mara jumla inapungua moja tu kufikia thamani ya shimo linalofuata. Matano yakijaa ni 31, na shimo la sita lina thamani ya 32.

Sasa jaza mashimo 31, ubakize shimo moja la mwisho tupu. Jumla yake ni 2,147,483,647. Hiyo ndiyo namba yetu. Shimo la 32 lililobaki lina thamani ya 2,147,483,648. Wanahisabati huandika kwa kifupi: 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Maana yake chukua 2, uizidishe kwa 2 mpaka zitimie mbili 31, kisha utoe moja.

Angalia jirani hao wawili walivyotofautiana. Namba 2,147,483,648 inagawanyika kwa 2, na jibu lake kwa 2, na jibu la hilo tena kwa 2, mara 31 mfululizo mpaka ibaki 1. Ukitoa moja tu, unapata namba isiyogawanyika kabisa.

Namba tasa maana yake nini?

Wengi tulijifunza darasani: 2, 3, 5, 7, 11 na 13 ni namba tasa. Namba 12 si tasa kwa sababu ni 3 mara 4. Kwa namba ndogo unaona jibu kwa haraka. Kwa namba ya tarakimu kumi kazi ni nyingine.

Tujaribu ile tunayoweza kwa kalamu. Namba yetu inaishia na 7, kwa hiyo ni witiri na haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5. Jumlisha tarakimu zake: 2 + 1 + 4 + 7 + 4 + 8 + 3 + 6 + 4 + 7. Unapata 46, na 46 haigawanyiki kwa 3, hivyo namba nzima nayo haigawanyiki kwa 3. Igawe kwa 7, inabaki 1. Igawe kwa 11, inabaki 1.

Je, uendelee mpaka wapi? Kuna kanuni inayookoa muda. Namba ikiwa ni zao la namba mbili, moja kati ya hizo mbili lazima iwe ndogo au sawa na kipeuo cha pili cha namba nzima. Mfano ni 91. Kipeuo chake cha pili ni 9 na kitu, na kweli 91 ni 7 mara 13. Ile ndogo, yaani 7, imo chini ya 9. Kwa namba yetu, kipeuo cha pili ni 46,340 na kitu. Kwa hiyo inatosha kujaribu namba tasa zote zisizozidi 46,340. Lakini hizo nazo ni karibu 4,800. Ukifanya mgawanyo mmoja kwa mkono kwa dakika tano bila kukosea hata mara moja, ni saa 400 za kazi.

Wala usidhani kwamba kila namba ya mtindo huu ni tasa. Ukijaza mashimo 2, 3, 5 au 7 unapata 3, 7, 31 na 127, na zote ni tasa. Ukijaza mashimo 11 unapata 2,047. Inaonekana kama tasa, lakini ni 23 mara 89.

Mtego huu uliwanasa hata mabingwa. Pietro Cataldi wa Italia, aliyefanya kazi mwishoni mwa karne ya 16, alithibitisha kwamba mashimo 17 na mashimo 19 yanatoa namba tasa. Kisha akasema kwamba 23, 29, 31 na 37 nazo zinatoa namba tasa. Kati ya hizo nne, 31 peke yake ndiyo ilikuwa kweli. Mashimo 23, kwa mfano, yanatoa 8,388,607, ambayo ni 47 mara 178,481. Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, alitoa orodha yake. Nayo ilikuwa na 31 ndani, lakini ilikuwa na makosa mengine. Namba za mtindo huu hadi leo zinaitwa kwa jina lake, namba za Mersenne.

Kwa hiyo kwa zaidi ya karne moja namba 2,147,483,647 ilisemwa kuwa tasa bila mtu yeyote kutoa uthibitisho.

Uthibitisho wa Euler, 1772

Aliyemaliza ubishi ni Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel nchini Uswisi, aliyefanya kazi miaka mingi huko St Petersburg, Urusi. Mwaka 1772, akiwa na umri wa miaka 64 au 65 na karibu kipofu kabisa, alieleza katika barua kwa mwanahisabati Bernoulli kwamba namba hiyo ni tasa kweli.

Euler hakugawa mara 4,800. Aliuliza kwanza: kama namba hii ina kigawo, kigawo hicho kitakuwa cha namna gani?

Rudi kwenye 2,047 iliyotokana na mashimo 11. Vigawo vyake ni 23 na 89. Gawa 23 kwa 11, inabaki 1. Gawa 89 kwa 11, inabaki 1. Nenda kwenye mashimo 23: vigawo ni 47 na 178,481. Gawa kila kimoja kwa 23, inabaki 1. Hii si bahati. Ni sheria: idadi ya mashimo ikiwa namba tasa, kila kigawo cha jumla yake kikigawanywa kwa idadi hiyo hubaki 1.

Kwa mashimo 31, basi, kigawo chochote lazima kibaki 1 kikigawanywa kwa 31. Tena lazima kiwe witiri. Sheria nyingine ikaongeza kwamba kikigawanywa kwa 8 lazima kibaki 1 au 7. Ukiunganisha masharti hayo yote, namba zinazobaki ni chache: zile zinazobaki 1 au 63 zikigawanywa kwa 248. Kutoka mwanzo hadi 46,340 namba za namna hiyo hazifiki 375, na nyingi kati ya hizo zinaondoka zenyewe kwa kuwa si tasa.

Namba tasa ya kwanza katika orodha hiyo ni 311. Kama kikokotoo cha simu yako kinaonyesha tarakimu kumi, jaribu mwenyewe: 311 mara 6,905,092 ni 2,147,483,612. Inabaki 35, kwa hiyo 311 si kigawo. Tasa inayofuata ni 1,303. Nayo haigawi, inabaki 226. Euler alimaliza orodha yote, hakuna iliyogawa. Hapo ndipo ikathibitika.

Kwa miaka mingi namba hiyo ilibaki kuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana duniani.

Ndugu yake aliye timilifu

Namba 6 inagawanyika kwa 1, 2 na 3. Jumlisha hizo tatu, unapata 6 yenyewe. Namba 28 inagawanyika kwa 1, 2, 4, 7 na 14, na jumla yake ni 28. Namba za namna hii, ambazo vigawo vyake vidogo vikijumlishwa vinarudisha namba ile ile, zinaitwa namba timilifu. Zinazofuata ni 496 na 8,128.

Tangu zamani za Euclid, Mgiriki aliyeishi takriban mwaka 300 kabla ya Kristo, ilijulikana kwamba kila namba tasa ya mtindo wa Mersenne inazaa namba timilifu. Chukua jumla ya mashimo yaliyojaa, izidishe kwa thamani ya shimo la mwisho lililojazwa. Mashimo mawili: 3 mara 2 ni 6. Mashimo matatu: 7 mara 4 ni 28. Kwa mashimo 31, shimo la mwisho lililojaa lina thamani ya 1,073,741,824, na namba timilifu inayopatikana ni 2,305,843,008,139,952,128. Ina tarakimu 19.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo namba timilifu kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa namba hizi ni za kustaajabia tu, hazina faida, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba mashimo 127 nayo yanatoa namba tasa, hivyo namba timilifu kubwa zaidi ikapatikana. Utafutaji haujakoma. Mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa ya mashimo 136,279,841, yenye tarakimu zaidi ya milioni 41.

Utasa wake una kazi gani?

Barlow alikosea pia kuhusu faida. Fikiria mchezo wa karata ndani ya simu. Simu inazichanganyaje karata wakati haina mikono? Inatumia hesabu. Njia moja iliyopendekezwa mwaka 1969 na kutumika sana ni hii: chukua namba yoyote ya kuanzia, izidishe kwa 16,807, gawa kwa 2,147,483,647, kisha chukua kile kinachobaki. Hicho kilichobaki nacho kifanyie vivyo hivyo.

Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073. Zinaonekana kuruka ovyo kama kura. Kwa kuwa mgawanyo unafanywa kwa namba tasa, na 16,807 imechaguliwa kwa uangalifu, mfululizo huo unapita namba zote 2,147,483,646 kabla ya kurudia ya kwanza.

Lakini kumbuka jambo moja. Mtu anayeijua kanuni hiyo akipata namba moja tu ya mfululizo, anaweza kukokotoa zote zinazofuata. Kwa mchezo inafaa. Kwa namba za siri haifai.

Bao likijaa

Sasa turudi kwenye shimo la 32 tulilolibakiza. Mashine inahitaji kuandika pia namba hasi, kama deni au baridi ya chini ya sifuri. Kwa hiyo katika mashine nyingi za mashimo 32, shimo la mwisho limetengwa kwa kazi hiyo. Likiwa tupu, namba ni chanya. Likiwa na kete, thamani yake inahesabiwa kama hasi 2,147,483,648.

Jaza mashimo 31, kisha ongeza moja. Shimo la kwanza limejaa, kwa hiyo linamwagwa na kete inapelekwa la pili. La pili nalo limejaa, linamwagwa, kete inakwenda la tatu. Hivyo hivyo mpaka mashimo yote 31 yanabaki matupu na kete moja inaangukia shimo la 32. Mashine inasoma: hasi 2,147,483,648. Kutoka juu kabisa imeanguka chini kabisa kwa kuongeza moja.

Ni kama mita ya pikipiki inayotoka 99,999 na kurudi sifuri, ila hapa inapita sifuri na kuzama upande wa pili.

Mambo haya yametokea. Mwezi Desemba 2014 video ya wimbo Gangnam Style wa mwanamuziki PSY wa Korea Kusini ilipita mara 2,147,483,647 za kutazamwa, na YouTube ikatangaza kwamba imekipanua kihesabio chake kutoka mashimo 32 hadi 64. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme na kuwashwa upya kabla ya kufikisha siku 248 mfululizo, kwa sababu kihesabio ndani ya vidhibiti vya jenereta kingejaa na umeme ungeweza kukatika. Ukihesabu kwa sehemu ya mia ya sekunde, namba yetu inakamilika katika siku 248 na nusu hivi.

Hata fedha zinaweza kuguswa. Programu ikiandikwa kutunza hesabu kwa senti katika mashimo 32, kiasi kikubwa inachoweza kuandika ni shilingi 21,474,836 na senti 47. Kwa chama cha ushirika wakati wa msimu hicho si kiasi kikubwa.

Tulishaliona: mita za umeme, Novemba 2024

Kwa wasikilizaji wa Tanzania na Kenya jambo hili si geni. Mwaka 2024 wateja wa umeme wa malipo ya kabla, wakiwemo wa LUKU, walitakiwa kuboresha mita zao kabla ya tarehe 24 Novemba. Waliponunua umeme walipewa makundi ya ziada ya tarakimu 20 waingize kwanza, kabla ya yale ya umeme wenyewe. Wengi waliuliza: kulikoni?

Sababu ilikuwa bao lililojaa. Mita hizo zinafuata kiwango kimoja cha kimataifa. Kila tokeni inabeba muda ilipotolewa, ukihesabiwa kwa dakika tangu 1 Januari 1993. Hesabu hiyo ilipewa mashimo 24 tu. Mashimo 24 yakijaa ni 16,777,215, na dakika hizo ziliisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo mita isiyoboreshwa ingeiona tokeni mpya kama ya zamani na kuikataa.

Zile tarakimu za ziada ziliiambia mita ianze ukurasa mpya. Kiwango hicho kina mwanzo mwingine wa kuhesabia, 1 Januari 2014. Kwa mwanzo huo mashimo 24 yatajaa tena Novemba 2045.

Kwa kuwa tarehe ilijulikana mapema, kazi ilifanyika mita kwa mita.

Tarehe 19 Januari 2038

Kompyuta nyingi duniani hazitunzi tarehe kama sisi. Zinatunza idadi ya sekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa saa za kimataifa. Saa, siku na mwaka unaouona kwenye kioo vinakokotolewa kutoka idadi hiyo. Mifumo ya zamani iliipa idadi hiyo mashimo 32, moja likiwa la alama.

Sekunde ya 2,147,483,647 itafika tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 na sekunde 7 asubuhi kwetu. Sekunde inayofuata, mashine isiyorekebishwa itaangukia kwenye hasi. Itasema leo ni Ijumaa, 13 Desemba 1901.

Mashine yenye tarehe mbovu haizimiki lazima. Inaweza kuendelea kufanya kazi huku ikikosea: kukataa kufungua tovuti salama kwa madai kwamba cheti chake hakijaanza kutumika, kupanga kumbukumbu kinyume, kuhesabu riba ya mkopo kwa miaka hasi. Tena tatizo linaweza kuanza kabla ya siku hiyo. Programu inayokokotoa mkopo wa miaka 20 au mafao ya uzeeni inaihitaji tarehe ya baada ya 2038 leo hii.

Dawa yake ni bao kubwa. Mashimo 64 yanatosha kuhesabu sekunde kwa takriban miaka bilioni 292. Simu janja zinazotoka siku hizi nyingi ni za mashimo 64, na mfumo wa Linux, ambao ndio msingi wa Android, tangu mwaka 2020 unaweza kutunza muda kwa mashimo 64 hata kwenye mashine za mashimo 32. Hofu iko zaidi kwenye vifaa vinavyofungwa na kusahaulika: vidhibiti vya pampu, kamera, mashine za viwandani, vifaa vilivyoagizwa vikiwa vimetumika.

Ufanye nini?

Kwanza, usiwe na wasiwasi. Simu uliyonayo leo huenda isifike 2038. Na hakuna sababu ya kumlipa mtu anayekuja akisema anauza kinga ya 2038. Marekebisho ya kweli huja kama masasisho ya programu ya simu yenyewe.

Pili, usijaribu kusogeza tarehe ya simu ili uone kitakachotokea. Mwaka 2016 watu walirudisha tarehe ya simu za iPhone hadi 1 Januari 1970 kwa mzaha, na baadhi ya simu hizo hazikuwaka tena mpaka kampuni ilipotoa marekebisho.

Tatu, kuuliza si ujinga. Kikundi, shule, zahanati au ushirika ukinunua kifaa kinachotarajiwa kudumu zaidi ya miaka kumi, kama kidhibiti cha pampu ya sola au mfumo wa kutunza hesabu, muulize muuzaji maswali mawili: kitafanya kazi sawasawa baada ya 19 Januari 2038? Na programu yake inaweza kusasishwa? Jibu liandikwe kwenye hati ya mauziano.

Nne, tunza kumbukumbu muhimu za fedha na ardhi kwenye karatasi pia. Tarehe iliyoandikwa kwa kalamu haina mashimo ya kujaa.

Kwa ufupi

- Namba: 2,147,483,647, yenye tarakimu 10.
- Inavyopatikana: 2 kwa kipeo cha 31, toa 1, yaani mashimo 31 ya bao yaliyojaa.
- Aina: witiri, tasa, na ni ya nane katika namba tasa za Mersenne. Saba za kabla yake ni 3, 7, 31, 127, 8,191, 131,071 na 524,287.
- Aliyethibitisha: Leonhard Euler, 1772.
- Namba timilifu inayozaliwa nayo: 2,305,843,008,139,952,128.
- Kwenye mashine: namba kubwa kuliko zote katika mashimo 32 yenye alama ya chanya na hasi.
- Kwenye saa: 19 Januari 2038, saa 12:14:07 asubuhi, Afrika Mashariki.

Ukiwa na mwanafunzi nyumbani, mpe kazi moja: ajaze mashimo 13 ya bao kwa kanuni tulizotumia hapa, atafute jumla, kisha athibitishe mwenyewe kwamba ni namba tasa. Kipeuo chake cha pili ni 90 na kitu. Akikumbuka sheria aliyoitumia Euler, namba tasa za kujaribu ni mbili tu: 53 na 79.